Udongo wa Juu na Udongo wa Chini: Kutayarisha Mahali pa Kujenga Nyumba

Leo sitazungumza habari za mbegu wala za kupanda kwa mistari. Nataka tuzungumze juu ya nyumba. Najua wapo watakaosema, huyu bwana shamba amepotea njia, mambo ya nyumba ni ya fundi. Ngoja nieleze kwa nini yananihusu.

Katika vijiji vya Kibaha na Kisarawe, mkulima akishauza korosho zake au mananasi yake, au akipata chochote kutoka kwa mtoto wake aliyeko Dar es Salaam, jambo la kwanza analofikiria ni kubomoa nyumba ya miti na udongo na kujenga ya tofali na bati. Ni jambo jema kabisa. Lakini nyumba haijengwi hewani. Inajengwa juu ya shamba, na kwa kawaida juu ya ile sehemu iliyo karibu zaidi na watu, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa ikipata majivu, maganda ya jikoni na mavi ya kuku. Basi fundi anapokuja na sururu, anaanza kuharibu sehemu yenye rutuba kuliko zote, na hakuna anayemzuia, maana kila mtu anatazama msingi.

Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo, na cheti changu cha kilimo kikiwa kabatini. Mwaka 2019 nilipata kiwanja cha nusu eka upande wa Visiga, mahali penye mteremko kidogo. Nikasema, nikisawazisha kwa jembe nitachukua wiki mbili, heri nikodi katapila. Katapila likaja asubuhi, na ilipofika saa nane mchana kiwanja kilikuwa sawa kama meza. Nilifurahi. Mwendeshaji alisukuma kila kitu upande wa chini: majani, visiki, na udongo mweusi wote. Mimi nikabaki na udongo mwekundu, mgumu, unaong'aa ukilowa.

Nyumba ilisimama bila taabu. Bustani ndiyo iliyokataa. Mke wangu alipanda mchicha, ukatoka wa njano, ukafikia urefu wa kidole na kusimama hapo hapo. Bamia zilizaa moja moja. Masika ya mwaka 2020 yalipokuja, maji ambayo zamani yalikuwa yakinywewa na udongo wa juu hayakupata pa kuingia. Yakakusanyika, yakateremka kwa jirani, tena yakauchukua ule udongo tuliousukuma ukingoni hadi ndani ya mihogo yake. Yule mzee hakunigombeza. Alikuja asubuhi, akapiga hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, udongo wako umekuja kunisalimu." Niliona haya sana. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikitoka kazini nashika toroli kwenda kuurudisha, na sikurudisha hata nusu.

Haya, tuangalie huo udongo wenyewe. Chukua jembe na sururu, nenda pale unapofikiri kujenga, uchimbe shimo linalofika kiunoni. Upande mmoja uwe wima kama ukuta, upate kuona vizuri. Kwenye migongo ya vilima vyetu, tangu Kibaha hadi kule Maneromango, mara nyingi utaona juu kabisa udongo wa kichanga wenye weusi au kahawia, uliojaa mizizi midogo. Chini yake rangi hubadilika, huwa nyekundu au ya manjano, na udongo hushikana zaidi. Kuna mahali, hasa upande wa vilima vya Pugu, utakutana na udongo mweupe kama unga. Huo ni kaolini, unaotumika viwandani kwa vyombo vya kauri na karatasi. Ni mali, lakini mahindi hayaitaki mali hiyo.

Ule udongo wa juu hauzidi sana shibiri moja, yaani sentimita 15 hadi 20. Humo ndimo karibu chakula chote cha mmea kilimo. Katika ardhi ya kichanga kama yetu, rutuba haikai kwenye mchanga, inakaa kwenye majani na mizizi iliyooza na kuchanganyika na mchanga huo. Ndiyo hiyo inayoshika maji na kushika mbolea. Ukiiondoa, unaweza kumwaga mfuko mzima wa mbolea ya dukani na mvua ikaipitisha chini bila mmea kuonja. Na kujitengeneza upya, udongo huo huchukua miaka mamia.

Sasa tupige hesabu kidogo. Nyumba ya mita 10 kwa mita 8, ukiondoa udongo wa juu wenye kina cha sentimita 15, unapata mita za ujazo 12. Ni kama toroli 200. Watu wengi huzitupa toroli hizo 200 shimoni au huziacha zisombwe, halafu mwaka unaofuata wanatafuta samadi ya kununua kwa ajili ya bustani ya nyanja mbili tatu. Na kama ni katapila limesawazisha uwanja wa mita 20 kwa 20 kama nilivyofanya mimi, hiyo ni mita za ujazo 60, lori la tani 7 lingekwenda safari kumi na zaidi kuzibeba.

Kwa hiyo fanya hivi. Baada ya masika kwisha, kati ya Juni na Septemba, pima mahali pa nyumba kwa kamba na mambo, ukiongeza hatua mbili kila upande ambapo mafundi watapita na kuchanganyia zege. Fyeka majani. Kisha paa udongo wa juu kwa jembe, usichimbe, paa, mpaka pale rangi inapobadilika. Peleka udongo huo upande wa juu wa mteremko, mbali na njia ya lori la mchanga, uulundike. Lundo lisipite urefu wa kifua cha mtu, maana likiwa kubwa mno ndani hukosa hewa. Lifunike kwa nyasi kavu, au upande kunde au maboga juu yake. Wapo wanaocheka wakiona maboga juu ya lundo la udongo, lakini hayo maboga huzuia mvua za vuli zisilipunguze lundo, na utakula majani yake wakati nyumba inajengwa.

Halafu ulinde lundo lako. Nasema kweli, ulilinde. Fundi akikosa kifusi cha kujaza ndani ya msingi ataangalia huku na huku, ataliona lundo, tena liko karibu na ni laini kuchota. Mkatalie. Tena si kwa ajili ya bustani peke yake. Udongo wenye mizizi na majani ukiujaza chini ya sakafu, ile mizizi huoza, udongo hushuka, na sakafu ya saruji inabaki juu ya uwazi mpaka siku moja inapasuka katikati ya chumba. Chini ya sakafu unatakiwa udongo wa chini au moramu, uliowekwa kidogo kidogo, tabaka la sentimita 15, ukilowanishwa kiasi na kushindiliwa kwa gogo zito, kisha tabaka jingine. Ukijaza shimo lote kwa siku moja na kushindilia juu tu, umeshindilia ngozi. Ninyi mnajua unga ukijazwa kwenye debe bila kutikiswa unavyoshuka baadaye.

Hapo tumefika kwenye udongo wa kujengea. Nyumba nyingi za asili hapa Pwani hukandikwa kwa udongo uliochimbwa hatua tano kutoka mlangoni. Mwenye nyumba anachimba pale pale kwa sababu kubeba ni kazi. Kwa miaka mingi shimo linaongezeka, kila ukuta ukibanduka anachimba tena. Nilifika kwa bibi mmoja upande wa Kisarawe baada ya masika ya mwaka 2024. Mnakumbuka mvua zile: zilianza na El Nino ya vuli ya 2023, zikaendelea, na mwanzoni mwa Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya kwenye pwani yetu. Shimo la bibi huyo lilikuwa upande wa juu wa nyumba. Likajaa. Maji hayakumwagika juu, yalipita chini kwa chini hadi kwenye mizizi ya ukuta wa nyuma, udongo ukalegea, ukuta ukalala usiku na jiko lote likafunikwa. Kwa bahati yeye na wajukuu walikuwa wamelala chumba cha mbele. Aliponionyesha alisema, "Mjukuu wangu, nyumba hii imekula udongo wake yenyewe." Sikuwa na la kuongeza.

Shimo la udongo, basi, lichimbwe upande wa chini wa nyumba, si juu, na liwe mbali hatua 20 au zaidi. Tena kabla ya kulichimba ujue litakuwa nini baadaye. Likiwa la mviringo na refu linaweza kuwa choo, mradi liwe mbali na kisima. Likiwa pana, lijaze taka za shamba na samadi uwe na mboji, au upande migomba ndani yake. Usiliache wazi likae na maji. Mbu wa malaria hupenda sana dimbwi dogo la maji ya mvua lisilo na kivuli, na tangu yai mpaka mbu kuruka ni kama siku kumi tu. Hapa Kibaha kuna kiwanda kilichofunguliwa mwaka 2015 cha kutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi wa mbu. Ni fahari yetu, lakini dimbwi usilolichimba halihitaji dawa.

Siku hizi wakulima wengi huniuliza juu ya tofali za udongo na saruji zinazofungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukizifundisha. Nazipenda tofali hizi kwa sababu hazichomwi. Tofali za kuchoma hula kuni nyingi, na sisi tunaopakana na misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi tunajua kuni hizo hutoka wapi. Lakini si kila udongo unafaa. Udongo wa juu haufai hata kidogo, una uozo ndani yake. Udongo wa chini ndio, tena ule wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa kiasi.

Kuna njia mbili za kuupima nyumbani. Ya kwanza, chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, jaza theluthi moja kwa udongo, ongeza maji karibu ijae, tia chumvi kidogo, funika, tikisa kwa nguvu, uiache juu ya meza mpaka kesho. Mchanga utalala chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Mfinyanzi ukiwa kati ya sehemu moja ya tano na theluthi moja ya udongo wote, unafaa. Ya pili inahitaji fundi seremala: kisanduku kirefu kisicho na kifuniko, ndani kiwe na urefu wa futi 2, upana na kina inchi moja na nusu. Kipake oili, kijaze udongo uliolowa vizuri, ukisindilie pembeni, ukianike juani siku tatu hivi mpaka ukauke. Udongo utajikunja na kuacha nafasi. Sukumia vipande vyote upande mmoja uipime nafasi hiyo. Ikiwa chini ya nusu inchi, ndoo moja ya saruji inatosha kwa ndoo 18 za udongo. Ikiwa inchi moja na nusu hadi mbili, ndoo moja kwa 12. Ikizidi inchi mbili, huo udongo ni wa vyungu, uchanganye na mchanga upime tena. Unaona? Kisanduku cha mbao mabaki kinakuambia utanunua mifuko mingapi ya saruji. Na tofali zikishafyatuliwa zikae kivulini, zifunikwe, zimwagiwe maji kila siku kwa wiki nzima, si siku mbili. Hapa ndipo haraka huharibu mambo.

Nimezungumza kana kwamba mahali pa kujenga pameshachaguliwa. Kama bado, una bahati, ngoja masika moja ipite ukitazama maji yanapita wapi. Ukiona mikindu na matete yameota yenyewe, maji yapo karibu, hata kama wakati wa kiangazi pamekauka. Kule mabondeni, kuelekea Ruvu, kuna udongo wa mbuga, ule mfinyanzi mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa jua. Ni mzuri kwa mpunga. Kwa nyumba ni adui, kwa sababu mvua ikija unavimba, jua likija unajikunja, na ukuta juu yake unapanda na kushuka kila mwaka. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni hatua 70 au 80 za mtu mzima, kazipime wewe mwenyewe kabla hujamwita fundi. Bonde lipe mpunga na mboga, nyumba iende begani mwa kilima, mahali penye mteremko mdogo, upande wake mrefu ukikatiza mteremko ili uchimbe kidogo. Na kama ni lazima kuchimba, nyumba yote ikae juu ya ardhi ngumu iliyochimbwa. Ikikaa nusu kwenye ardhi ngumu na nusu kwenye kifusi, kile cha kifusi kitashuka na ufa utafuata mpaka wake barabara kama umechorwa.

Visiki ving'olewe. Mkorosho au mnazi ukiachwa na mizizi chini ya nyumba unawaalika mchwa, na mchwa wakimaliza kisiki hawarudi kwao, wanapanda kwenye fremu za milango.

Sasa maji ya bati. Hapa watu hawaamini mpaka nikiwapigia hesabu. Paa la mita 10 kwa 8 likinyeshewa mvua ya milimita 10 tu, mvua ya kawaida kabisa, linamwaga lita 800. Mvua kubwa ya milimita 50 inamwaga lita 4,000, na zote zinaanguka kwenye mistari miwili tu, mbele na nyuma. Nyumba ya makuti ilikuwa ikiyapunguza nguvu. Bati haliyapunguzi. Ukiwa na uwezo weka mifereji na tangi. Huna uwezo bado, basi chimba mtaro mdogo chini ya tone, uutandaze kokoto, uuelekeze pembeni kwenye shimo la migomba au mapapai, si kwenye njia ya watu na si kwa jirani. Upande wa juu wa nyumba chimba makinga maji, tuta likiwa upande wa chini wa mtaro, na juu ya tuta upande michaichai au minanasi. Minanasi inashika udongo, inazuia mbuzi kupita, na unaiuza.

Jambo moja nalisema kwa woga kwa sababu kina mama watanirushia ufagio. Uwanja wetu wa Pwani hufagiliwa kila alfajiri mpaka ung'ae, na sababu yake naielewa, nyoka huonekana na mgeni huona heshima. Lakini ufagio huondoa udongo kidogo kila siku, na mvua huondoa uliolegezwa. Tazama nyumba yoyote yenye umri wa miaka 20: mizizi ya mwembe iko nje, na msingi umetokeza shibiri nzima. Ufagieni uwanja, ila pale chini ya ukuta, upana wa hatua moja, muache ukoka uote au muweke kokoto. Nyoka hatajificha kwenye ukoka uliokatwa mfupi.

Nyumba ikishaezekwa, lile lundo lako la udongo mweusi litakuwa likikungoja. Litandaze upande ambao mtaro wa bati unamwaga maji, unene wa shibiri, usilikanyage likiwa limelowa. Hapo panda mchicha na matembele mvua za kwanza zikija. Kwangu Visiga, hapo ambapo toroli zangu ziliweza kurudisha udongo pana ukubwa wa vyumba viwili, na hapo ndipo tunapochuma mboga. Kwingineko bado natia samadi kila msimu.

Kabla hujaanza, mwone mwenyekiti wa kijiji au mtaa wako kuhusu kibali, na bwana shamba wa kata akusaidie kulisoma lile shimo lako la kiunoni. Kisanduku cha kupimia udongo, mnaweza kutengeneza kimoja mkakitumia kijiji kizima.